Kivinjari ndani ya kle: msaada kwa wanaotumia kompyuta za kulipia

Katika miji ya Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, mwanafunzi ao mtafuta kazi asiye na kompyuta yake hutegemea mashine ya chumba cha intaneti, ya chuo ao ya rafiki. Anafungua barua pepe, anatuma maombi ya kazi, mara muda aliolipia unaisha na anasimama haraka. Anayekaa nyuma yake anaweza kukuta barua zake zote zikiwa wazi.

Njia moja ya kupunguza hatari hiyo ni kutembea na kivinjari ndani ya flashi ya USB, ile ambayo wengi huita kle. Mwaka wa 2004, John T. Haller alitoa toleo la Firefox lisilohitaji kusakinishwa kwenye kompyuta. Leo linapatikana bure kwenye tovuti ya PortableApps.com.

Mtumiaji analipakua mara moja na kuliweka kwenye flashi. Hata ya giga 4 inatosha. Akifika kwenye kompyuta ya Windows, anachomeka na kubofya. Historia, kurasa alizohifadhi na maneno ya siri vinaandikwa kwenye flashi. Akiondoka, anaondoka navyo.

Lakini kinga hiyo ina mipaka. Kompyuta yenye programu ya kunasa herufi zinazochapwa itanasa neno la siri vilevile. Mwenye mtandao anaweza kuona majina ya tovuti zilizotembelewa. Na hati iliyopakuliwa kwenye kompyuta inabaki pale pale. Hivyo akaunti ya benki isifunguliwe kwenye mashine isiyoaminika, hata mtu akiwa na flashi yake.

Hatari nyingine iko mfukoni. Flashi ikipotea, anayeiokota anaweza kuingia kwenye akaunti za mwenyewe. Ndiyo sababu inafaa kuweka neno kuu la siri katika mipangilio ya Firefox, lile linaloitwa kwa Kifaransa « mot de passe principal ». Neno hilo hulinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa, lakini halifungi akaunti iliyoachwa wazi. Kila akaunti inapaswa kufungwa kabla ya kusimama.

Mwisho, kivinjari kifungwe kwanza, ndipo flashi iondolewe. Kuichomoa ghafla kunaweza kuharibu yote yaliyomo.