Bomba Moja la Kunywa na Kuzima Moto

Mtandao wa maji unaohudumia nyumba na zimamoto kwa pamoja hubeba mizigo miwili isiyolingana hata kidogo. Kijiji cha watu 500, kila mmoja akitumia lita 100, humaliza lita 50,000 kwa siku. Nchini Ufaransa, waraka wa serikali wa Desemba 10, 1951 ulitaka haidranti, yaani koki kubwa ya barabarani ambayo zimamoto huunga mpira wao, itoe lita 60,000 kwa saa, saa mbili mfululizo. Saa moja ya moto yapita mahitaji ya kijiji kizima kutwa na kucha.

Ndiyo maana unene wa bomba huamuliwa na moto, si kiu. Kwenye bomba la milimita 100, mtiririko huo hukimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde na msukumo mwingi hupotea njiani. Kwenye la milimita 150, upotevu hushuka hadi takriban sehemu moja ya saba. Msukumo haufai kuachwa uishe: pampu ya zimamoto ikifyonza kupita kiasi, maji machafu ya ardhini huingia bombani kupitia nyufa.

Lakini bomba nene lina gharama yake. Katika lile la milimita 150, kijiji hicho kikitumia maji kama kawaida, maji husogea sentimita 3 hivi kwa sekunde. Klorini hufifia, mashapo hutulia. Siku haidranti inapofunguliwa, tope hutibuka na mabomba ya jikoni hutoa maji ya kahawia.

Katika tangi linalolisha mtandao huo kuna ufundi wa kupendeza. Bomba la kwenda majumbani huanzia karibu na sakafu, hupanda, kisha hupinda kama shingo ya bata na kushuka. Kwenye usawa wa akiba ya moto, lita 120,000, bomba hilo hutobolewa tundu dogo. Tundu likiwa majini, maji huvutwa kutoka chini, hivyo akiba haichachi. Maji yakishuka hadi hapo, hewa huingia, mvuto hukatika, na akiba hubaki hadi vali ya dharura ifunguliwe. Hakuna umeme, hakuna mtambo.

Uholanzi imechagua kupunguza mzigo wenyewe: mabomba ya mitaani ni membamba, ili angalau mara moja kwa siku maji yakimbie mita 0.4 kwa sekunde na kusomba mashapo, na haidranti hudaiwa maji machache. Ufaransa nayo, tangu 2015, hupima mahitaji kwa hatari ya kila eneo, na bwawa au tangi la pembeni huweza kukubaliwa. Bwawa au tangi kama hilo ndiyo njia salama zaidi kwa miji yenye mgawo wa maji, ambako haidranti iliyosanifiwa vizuri kabisa huwa kavu siku ambayo si ya zamu ya mtaa wake.