Chapati: Haraka Inaharibu Unga

Pengine hapo kwako Mususa unga wa ngano ni kidogo na watoto ni wengi. Chapati zikiwa ngumu, nani ana kosa? Mara nyingi si unga, ni haraka yetu.

Twaa vikombe 4 vya unga (karibu nusu kilo), kijiko kidogo 1 cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya mafuta. Sugua mafuta ndani ya unga. Ongeza maji ya vuguvugu pole pole, karibu kikombe 1 na robo. Kanda dakika 10, mpaka donge lisishike tena mikononi.

Sasa funika, uliache dakika 30. Ni hapa wengi tunashindwa! Donge lililotoka kukandwa linajivuta kama mpira: unalisukuma, linarudi. Likipumzika, linakutii.

Kata madonge 10. Huna mti wa kusukumia? Chupa safi inatosha. Sukuma kila moja, paka mafuta, likunje kama mkeka, lizungushe kama konokono. Liache dakika 10, kisha sukuma tena. Ndivyo chapati inapata matabaka. Weka kikaango juu ya mbabula, kipate moto vizuri. Ukiona mabaka, geuza, ndipo utie mafuta kidogo. Zifunike na kitambaa zingali moto, hazitakauka.

Na ninyi vijana wanaume, musikae tu kungojea sahani. Kesho utakuwa kwenye machimbo, mbali na mama. Nani atakupikia? Jifunze leo, mama angali karibu.