Kisima cha Sungura: Hadithi moja ndani ya mipaka mitatu

Na Mwandishi Wetu, Koboko

WILAYA ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inapakana na nchi mbili. Katika eneo la Salia Musala ndipo Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapokutana, na Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Huko Arua nako, Walugbara wana ndugu zao ng'ambo ya kituo cha forodha cha Vurra, upande wa Aru nchini Kongo. Mipaka iliwagawa watu hawa, lakini sungura ilimshinda.

Sungura, ambaye Walugbara humwita Etoo, ndiye mjanja wa hadithi za watoto huku, kama alivyo Ukambani na Unguja. Hata ujanja wake hufuata njia inayotambulika kokote anakosimuliwa.

Chukua hadithi ya kisima, ambayo inajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati. Ukame umeingia. Wanyama wanapatana kuchimba kisima, na anayechimba ndiye atakayekunywa. Sungura anakataa kazi. Maji yanapotoka, analetwa mlinzi. Sungura anafika na kibuyu cha asali, anamwonjesha kidogo, kisha anamwambia kuwa asali hii hailiwi ila na aliyefungwa kamba. Mlinzi anakubali kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga na kuyachafua maji. Mlinzi wa pili anadanganywa vilevile. Mwishowe kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujificha ndani ya maji. Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, ananasa.

Mtafiti wa Kimarekani Alan Dundes aliandika mwaka 1971 kwamba hadithi nyingi za Afrika zina mfululizo wa hatua tano: urafiki, mapatano, kuvunjwa kwa mapatano, kugunduliwa, na urafiki kuvunjika. Hatua hizo zinaonekana wazi katika kisa cha kisima. Tofauti yake na ngano za Urusi ni kubwa. Vladimir Propp, aliyezichambua ngano hizo katika kitabu chake cha mwaka 1928, alihesabu matukio 31, ambapo shujaa huondoka nyumbani na mwisho wake huwa ni kuoa na kutawazwa. Sungura haoi wala hatawazwi. Kinachopiganiwa katika hadithi yake ni makubaliano ya majirani.

Hapo ndipo ulipo wasiwasi kuhusu vitabu vya watoto. Kitabu cha darasa la kwanza kina kurasa chache na sentensi fupi, hivyo sehemu inayokatwa upesi ni ile ya katikati, ya walinzi wanaodanganywa mmoja baada ya mwingine. Hadithi inaruka kutoka wizi hadi funzo: usiwe mwizi. Mtoto hajui tena kwamba walinzi waliponzwa na tamaa yao wenyewe. Anakosa pia marudio, na marudio ndiyo yanayomfundisha maneno. Mlinzi wa pili anapoiona asali, mtoto anayesikiliza anajua kitakachotokea, naye husema kabla ya msimulizi.

Na funzo lenyewe si jepesi hivyo. Wapo wasimulizi ambao sungura wao, hata baada ya kunaswa, hutoroka kwa hila nyingine. Hao humwachia mtoto swali la kujadili.

Kwa West Nile, jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mtaala wa mwaka 2007, shule za msingi Uganda zinatakiwa kufundisha kwa lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kinashika nafasi kuanzia darasa la nne. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kambi ya Lobule, Koboko, inahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na watoto wao nao wanahitaji kusoma. Mtoto mmoja anaweza kukutana na lugha tatu kabla hajamaliza shule ya msingi.

Hadithi anayoijua humpunguzia mzigo. Akishajua mlinzi wa pili naye atafungwa kamba, nguvu zake zote anazielekeza kwenye maneno mapya: kamba, kibuyu, ulimbo. Mwalimu anaweza kuisimulia Jumatatu kwa Kilugbara au Kikakwa, na Jumatano kwa Kiswahili, bila kupunguza hatua hata moja.

Vifaa havina gharama kubwa. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unatoa hadithi za watoto kwa leseni huria, zikiwemo za Kilugbara. Mwalimu anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzichapa bila malipo. Kwa hiyo ile sehemu ya katikati iliyokatwa anaweza kuirudisha mwenyewe, na akifika kwa mlinzi wa pili, anyamaze kidogo awaachie watoto waseme.