Mbio za Vibati vya Safari: Amana Mikononi mwa Watu Usiowajua

Mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa, uitwao jiokashingi, umepata wafuasi wengi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka 20, na makasha yake duniani yamekwisha kupita milioni 3. Ndani ya mchezo huo limo shindano dogo lisilojulikana sana na watu wa nje, nalo ni mbio za vibati vya safari. Mwendo wake ni wa ajabu kidogo, kwa kuwa mwenye kushindana hakimbii, na kila hatua ya ushindi wake imo mikononi mwa watu asiowafahamu.

Tuanze na kasha lenyewe. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yaliyotumiwa na raia, na vyombo vya watu wa kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi mkubwa kuliko awali. Tarehe 3 Mei mtu mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo, akawaalika wengine waitafute. Atakayeiona achukue kitu, aache kitu, kisha aandike katika daftari lililomo. Desturi hiyo ya kuchukua na kuacha ndiyo iliyozaa vibati.

Kibati, ambacho kwa jina la biashara huitwa Travel Bug, ni bamba dogo la madini mfano wa lile wanalovaa askari shingoni, lenye namba yake pekee. Huuzwa viwili viwili: kimoja hufungwa kwenye mwanasesere au kitu kingine chepesi na kutiwa ndani ya kasha, cha pili hubaki kwa mwenyewe. Atakayekikuta hakimiliki. Hukichukua, huiandika namba yake kwenye tovuti ya mchezo, kisha hukipeleka katika kasha jingine. Tovuti hupima umbali wa kasha hadi kasha kwa mstari ulionyooka, naye mwenyewe hufuatilia safari hiyo akiwa nyumbani kwake.

Katika mbio, watu kadhaa huviachia vibati vyao kwa wakati mmoja, mara nyingi katika kasha moja. Pengine hushindania kulifikia kwanza kasha lililotajwa, tuseme upande wa pili wa bara. Pengine hushindania kilomita nyingi zaidi kabla ya siku iliyowekwa. Hizi ni mbio mbili tofauti kabisa. Kibati kilichotoka London kwenda New York na kurudi kimejipatia zaidi ya kilomita 11,000, ilhali kipo pale pale kilipoanzia. Katika mbio za kufika, safari hiyo ni hasara tupu. Katika mbio za kilomita, ni neema.

Mwenye kibati anaweza kufanya machache tu, na yote huyafanya kabla ya kukiachia. Hukifunga kwenye kitu kidogo, maana kizito hubaki nyuma. Hukwepa kitu cha kupendeza mno, maana mwanasesere mzuri huishia kwenye rafu ya mtoto wa mtu. Huambatanisha kadi iliyotiwa plastiki, yenye kueleza kinakokwenda na lini mbio zinakwisha, kwani bila kadi hiyo anayekiokota hana njia ya kujua palepale kwamba kuna haraka. Tena hutafuta kasha kubwa karibu na uwanja wa ndege au barabara kuu, lile ambalo wachezaji huliita hoteli ya vibati. Wingi wa makasha si hoja. Nchini Uingereza upo mfululizo wa maelfu ya makasha uitwao Church Micro, yaliyowekwa karibu na makanisa ya miji na vijiji. Lakini mengi yake ni madogo kama kikopo cha filamu ya kamera, hata kibati hakiwezi kuingia. Msafiri aliyenacho mfukoni aweza kupita makanisa kumi asipate mahali pa kukiacha.

Hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Mchezaji aweza kukisajili kibati katika kila kasha analopitia na kuendelea kutembea nacho. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita desturi hiyo kuchovya. Katika safari za kawaida haina ubaya, nayo humwonyesha mwenyewe njia iliyopitiwa. Katika mbio za kilomita, rafiki wa mwenyewe akichovya kila siku aendapo kazini na kurudi, hesabu itapanda bila kibati kwenda popote. Kanuni za mbio zisipolitaja jambo hili tangu mwanzo, ugomvi hauko mbali. Hali kadhalika namba ya kibati haipaswi kuonekana katika picha zinazowekwa hadharani, kwani mwenye kuiona aweza kuisajili pasipo kukishika kibati chenyewe.

Kosa lililo la kawaida zaidi, hata hivyo, halitokani na hila. Mtu hukichukua kibati kwa nia njema, hukitia kwenye mkoba, akakisahau. Mwongozo wa mchezo huwaomba watakaokaa nacho zaidi ya wiki mbili wamwandikie mwenyewe. Wengi hawaandiki, na vibati vingi hupotea moja kwa moja. Je, mwenyewe aruhusiwe kukiachia kile cha pili alichobaki nacho ili aendelee na mbio? Wengine hukubali. Kwa maoni yetu hilo halifai wakati wa mbio, kwa kuwa wenzake nao waliziweka safari zao katika hatari ile ile.

Makasha yapo pia Kenya na Tanzania, ingawa ni machache, na kibati kilicholetwa na mtalii chaweza kukaa muda mrefu kikimngoja wa kukichukua. Ukikiokota, usikifungue kutoka kwenye kitu kilichofungwa nacho. Soma maandishi yaliyo juu yake, iandike namba kwenye tovuti iliyotajwa, nawe utaona kilikotoka na mahali mwenyewe anapotaka kifike. Kama huna safari ya upande huo, kirudishe katika kasha ulimokikuta, ukamwachie mwenyewe ujumbe kwamba kingali kipo.