BUNDUKI YA UPEPO: FUNDI MZURI HATAFUTI NGUVU!

Babu yako alikuwa na baiskeli ya BSA? Kama si babu yako, basi babu wa jirani. Itazame vizuri ile nembo: bunduki tatu zimeegemezana. Wengi tumeiona tangu utotoni wala hatukujiuliza. Sasa kwa taarifa yako msomaji wangu, BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861. Baiskeli zilikuja baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaongeza bunduki za upepo.

Leo nazungumzia hizo za upepo, hasa zile za springi. Huko Uingereza wapo watu, vijana kwa wazee, ambao jioni hawaendi baa, wanajifungia gereji kuzifungua na kuzifunga upya. Mmoja wao ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi hukohuko Birmingham. Ameniambukiza ugonjwa huo kwa simu tu!

INAVYOFANYA KAZI
Kama umewahi kushika pampu ya baiskeli, nusu ya somo umeshalipata. Ndani ya bunduki kuna silinda, ndani ya silinda kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna springi nene. Ukiukunja mtutu kwenda chini, pistoni inarudi nyuma, springi inabanwa, ndoano inaishika. Unaweka kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5, unarudisha mtutu. Ukivuta kifyatulio, ndoano inaachia, pistoni inachomoka mbele, hewa inabanwa na kupenya kwenye kitundu chembamba, kirisasi kinaondoka. Baruti hakuna hata chembe.

Tatizo ni kwamba pistoni hiyo ni chuma kizito. Ikichomoka, bunduki inaruka nyuma, halafu pistoni ikifika mwisho bunduki inaruka mbele. Yote hayo yanatokea kufumba na kufumbua. Ndiyo maana bunduki ya springi inapigwa teke na mwili wake yenyewe, na mwenye kujua anaishika kwa ulaini kama anambeba mtoto. Ukiibana kwa hasira, shabaha inakimbia.

NZURI NA YA BEI CHEE
Kwa macho zote zinang'aa. Tofauti iko ndani. Kaka anazisifu sana za Weihrauch, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1899, ambayo siku hizi iko Mellrichstadt, Bavaria. Kifyatulio chao kinachoitwa Rekord kimekuwapo tangu miaka ya 1950, na mpaka leo watu wanakipigia saluti.

Ile ya bei chee je? Ifungue uone vituko. Kingo za matundu ya silinda zimeachwa na makali kama wembe, kwa hiyo sili ya pistoni inakwanguliwa siku ileile inapoingizwa kiwandani. Springi inacheza juu ya chuma kinachoiongoza, ukifyatua unasikia "ngwiiing!" kama gitaa lililolegea nyuzi. Mtutu nao unatikisika kwenye bawaba. Mtutu ukitikisika, hata uwe na jicho la mwewe, kirisasi kimoja kitakwenda mashariki na kingine magharibi.

Kupima ni rahisi. Mtutu ukiwa umefungwa, ushike uutikise: usicheze kabisa. Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, weka kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya maungio ya mtutu, kisha fyatua. Karatasi ikiruka, upepo unavuja.

KAZI YA GEREJI
Hapa ndipo utamu ulipo, na hatari pia. Hata bunduki isipokokiwa, springi yake humo ndani tayari imebanwa. Ukifungua kichwakichwa, inaweza kukurukia usoni au kukuvunja vidole. Kaka ana kifaa cha kuibana, kama jeki iliyolazwa juu ya meza, anaiachia taratibu mpaka iishiwe nguvu. Asiye na kifaa hicho asiguse!

Baada ya hapo ni usafi. Anafuta grisi ya kiwandani yote. Anapitisha msasa laini kwenye zile kingo mpaka kidole hakikwaruziki. Anakereza kiongozi kipya cha nailoni ngumu, kinachoingia ndani ya springi bila kuacha nafasi. Anaweka sili mpya, anapaka grisi nzito kidogo kwenye springi. Mbele ya pistoni hatii oili ya kawaida, maana hewa ikibanwa ghafla inapata moto mkali na oili inalipuka, kama ndani ya injini ya dizeli. Na hafyatui bunduki bila kirisasi, kwa sababu pistoni itagonga ukuta bila mto wa hewa.

Nikamuuliza, "Kaka, si uweke springi kubwa zaidi ipige mbali?" Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Mdogo wangu, hiyo ndiyo akili ya wanaoanza. Springi kubwa ni teke kubwa. Utapata nguvu, utakosa shabaha."

SHERIA HAINA MJOMBA
Na si shabaha tu. Kwa sheria ya Uingereza, bunduki ya upepo ikipita nguvu ya futi-pauni 12, yaani karibu jouli 16.3, inahesabiwa kuwa silaha ya moto. Ukikutwa nayo bila kibali, ni hadi miaka 5 jela. Ujerumani wanabana zaidi: jouli 7.5 tu kwa zile zisizohitaji kibali, zenye alama ya herufi F. Uskochi, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata hizo ndogo zinataka leseni.

Tupige hesabu. Kirisasi cha gramu 0.547 kikienda mita 240 kwa sekunde, nguvu ni jouli 15.75. Uko salama. Kikienda mita 245 tu, ni jouli 16.4. Umeshakuwa mhalifu! Mita tano zinakutenganisha na jela, na ufundi mzuri peke yake, ile sili mpya, unaweza kuziongeza bila wewe kukusudia. Ndiyo maana kaka ana kipima mwendo mezani, na kila akimaliza kufunga anapima kabla ya kusherehekea.

Kwa wewe wa hapa kwetu unayeanza kuwashwa mikono, safari yako inaanzia kituo cha polisi kuulizia kibali, siyo gereji. Na ukiipata, usimwelekezee mtu hata kwa utani. Kirisasi hicho kidogo kinatosha kabisa kutoa jicho, na jicho halina spea.

Tukutane wiki ijayo!