Kila Anuani na Kabrasha Lake: Namna ya Kuepusha Mgongano wa Hifadhi ya Barua Pepe Kompyutani

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Wananchi, wafanyabiashara na watumishi wa umma wanaotumia kompyuta moja kwa anuani zaidi ya moja za barua pepe wanashauriwa kuhakikisha kuwa kila anuani ina kabrasha lake la kuhifadhia barua. Anuani mbili zikielekezwa katika kabrasha moja, barua zinaweza kuchanganyika, kuonekana mara mbili au kutoweka bila mtumiaji kujua.

Suala hili lina uzito wa pekee jijini Arusha na katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Kampuni za kupokea watalii huwasiliana na wageni walio nje ya nchi kwa barua pepe, na si ajabu kukuta kompyuta moja ya ofisi inapokea barua za maombi ya safari, za uhasibu na za meneja. Vivyo hivyo, mzabuni anayejisajili katika Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma (NeST), ulioanza kutumika mwaka 2023, au kijana anayeomba kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hutakiwa kuwa na anuani ya barua pepe. Barua isiyoonekana kwa siku tatu inaweza kumkosesha mtu zabuni, usaili au mteja.

Ili kuelewa chanzo cha tatizo, ni vyema kujua barua huhifadhiwa wapi. Mtu anayesoma barua zake kwa kivinjari huziona zikiwa katika seva ya mtoa huduma. Anayetumia programu maalumu ya barua pepe huwa pia na nakala ndani ya kompyuta yake. Chukua mfano wa Thunderbird, programu ya bure ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitolewa na Mozilla mwaka 2004. Programu hiyo hutenga kabrasha kuu la mtumiaji, na ndani yake kuna kabrasha la Mail na la ImapMail. Humo kila akaunti hupewa kabrasha lenye jina la seva yake. Akaunti ya pili ikitoka katika seva ileile, programu huongeza alama ya -1 mwishoni mwa jina ili makabrasha mawili yasigongane.

Kwa utaratibu wa kawaida wa programu hiyo, barua zote za sehemu moja, kwa mfano zilizopokelewa, hukaa mfululizo ndani ya faili moja liitwalo Inbox. Pembeni yake kuna faili la Inbox.msf, ambalo ni faharasa inayoonyesha kila barua inaanzia wapi. Mfano wa karibu ni masijala: makarani wawili wakiweka barua katika jalada moja, kila mmoja akiwa na rejista yake, haitachukua muda namba za rejista zitatofautiana na kilichomo ndani ya jalada.

Mgongano hutokea zaidi katika mazingira mawili. La kwanza ni pale diski inapojaa na mtumiaji akaamua kuhamishia barua katika diski nyingine. Thunderbird hukataa kabrasha linalotumiwa tayari na akaunti nyingine, na hukataa pia kabrasha lililo ndani ya hilo au linalolibeba. Onyo hilo lisikwepwe kwa kuhariri mafaili ya mipangilio kwa mkono. La pili ni pale kabrasha kuu linapowekwa katika huduma ya kuhifadhi data mtandaoni, kama vile Dropbox au OneDrive, ili barua zifunguliwe katika kompyuta ya ofisini mjini na ya nyumbani Usa River au Ngaramtoni. Programu ina kufuli linalozuia kabrasha hilo kufunguliwa mara mbili kwa wakati mmoja, lakini kufuli hilo si kinga ya kutegemewa kati ya kompyuta mbili zinazosubiri intaneti ili kupatanisha nakala zao.

Kwa anayetaka barua zilezile katika kompyuta mbili, njia salama ni kutumia utaratibu wa IMAP, ambao huacha barua katika seva. Utaratibu wa POP hupakua barua na, kutegemea mipangilio, huziondoa katika seva, hivyo nakala ya kompyutani inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Anayetaka anuani kadhaa za POP zipokelewe mahali pamoja atumie chaguo la kikasha cha pamoja lililomo ndani ya programu.

Kabla ya kuongeza akaunti mpya, fungua mipangilio ya seva ya kila akaunti iliyopo na usome njia ya kabrasha iliyoandikwa chini ya ukurasa. Tengeneza kabrasha jipya lililo tupu kwa kila akaunti. Kisha funga programu na unakili kabrasha kuu lote katika diski ya nje.

Ikiwa barua zimekwisha kuchanganyika, acha mara moja kupokea barua mpya, funga programu na unakili kabrasha kuu kabla ya kugusa chochote. Usitumie amri ya kubana makabrasha, kwa kuwa barua zilizofutwa hubaki ndani ya faili hadi amri hiyo itakapotolewa. Baada ya kunakili, faili la .msf linaweza kufutwa programu ikiwa imefungwa, nayo italiunda upya. Faili lenye jina hilohilo lisilo na .msf lisifutwe, kwa kuwa ndilo lenye barua zenyewe.

Izingatiwe pia kuwa kutenganisha makabrasha hakuleti usiri. Watu wawili wanaotumia kompyuta moja wafunguliwe akaunti tofauti za kuingilia katika kompyuta, kila mmoja na nywila yake, hasa pale barua zinapobeba nakala za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda.

Kwa watumishi wa umma, barua ya kikazi ni kumbukumbu ya ofisi inayosimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Mtumishi atumie anuani rasmi inayoishia na go.tz, na amwone Afisa TEHAMA wa taasisi yake kabla ya kuhamisha kabrasha lolote la barua au kubadilisha kompyuta.