Maji ya Udhu na Mdimu wa Uani

Ua wetu hapa kisiwani Mombasa ni mdogo: hatua kumi na mbili kwa nane, kisima cha zamani, kamba za kuanikia nguo, na mdimu mmoja ambao Mama aliupanda mwaka tulipooana. Kaskazi iliyopita, ua huo nusura ututie katika mfarakano. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kununua matofali ili pajengwe chumba cha kupangisha, kodi yake isaidie karo. Mwengine akasema kwamba Mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kutoka nje, hana pengine pa kuliona jua. Hatutataja nani alisema lipi; majirani walisikia, na yatosha.

Tukakubaliana likizo ya Disemba iwe majaribio. Ua ukitupa mboga za kupunguza gharama za jikoni, na Mama akapata baraza ya kukaa, matofali yatangoja.

Tulianza kwa pupa. Tulichimba matuta, tukapanda mchicha, bamia na maharagwe, tukawa twateka maji kisimani asubuhi na jioni, kwani ya mfereji hayatufikii kila siku na ya mkokoteni ni ya kununua kwa mtungi. Baada ya wiki tatu maharagwe yalikufa, mchicha ukadumaa, na majani ya mdimu yakaanza kukauka kutoka nchani kana kwamba yameunguzwa kwa kaa la moto. Juu ya udongo pakatanda ungaunga mweupe. Tulidhani ni maradhi, tukanunua dawa. Fedha hizo zilipotea bure.

Aliyetufumbua macho ni mzee jirani aliyekuja kumjulia Mama hali. Alichovya kidole ndooni, akaonja, akatutazama. "Wanangu," alisema, "mti huu mnaunywesha bahari."

Nasi tulikuwa tukiyajua maji yale kuwa ya chumvi, maana hatuyanywi. Hatukufikiri tu kwamba mti nao una kinywa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, na mvua zikikatika huku visima vikitekwa sana, chumvi hupanda. Jua la kaskazi nalo hufyonza maji na kuiacha chumvi mizizini. Mnazi huistahimili, na spinachi hujikaza. Mdimu, mlimau na mchungwa haziwezi.

Maji matamu yatoke wapi, basi? Mama ndiye aliyeuliza ya udhu huenda wapi. Tuko watu sita tunaoswali nyumbani. Tulipima kwa ndoo: mtu akitawadha mferejini humwaga lita sita au saba, akitumia birika, lita mbili humtosha. Israfu ya maji tulikatazwa tangu chuoni, lakini hatukuwahi kuipima. Sasa kila mtu hutawadhia juu ya beseni pana, na watoto huyapeleka maji mtini. Hata tukiwatoa wanaodumu na udhu wa Magharibi hadi Isha, hatukosi lita hamsini kwa siku, nayo hayana sabuni wala mafuta. Maji ya kuoshea mchele huyafuata. Ya kuoshea vyombo hatuyatumii.

Udongo tuliufunika kwa makumbi ya nazi na majani makavu usikauke upesi, na kumwagilia tukakuweka baada ya Alasiri, jua likipoa. Wadudu wa bamia tuliwanyunyizia maji ya majani ya mwarubaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha.

Kosa moja tulikiri. Tulisikia matumbo ya samaki ni mbolea, tukayafukia kina cha kiganja tu. Usiku ule paka wa mtaa mzima walihudhuria. Asubuhi tuta la bamia lilikuwa halitambulikani, na Mama alicheka hata akashika mbavu. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu afiwe na Baba.

Baraza yake tuliijenga kwa sehemu ya yale matofali, juu yake makuti. Ubavuni tumepanda mrehani na mwasumini, na Alhamisi jioni hutunga vikuba akawapelekea majirani kwa mikono ya wajukuu.

Hesabu ya kweli ni kwamba mchicha twauchuma mara mbili kwa wiki, na bamia za mchuzi hatununui, ila yote hayo hayafikii hata nusu ya kodi ya chumba. Karo ingali palepale. Mdimu umepoteza matawi ya upande mmoja. Upande wa pili ulichipua masika yalipoingia na mvua kuiosha chumvi, lakini haujazaa.

Matofali yaliyobaki yamepangwa ukutani. Tumekubaliana kulizungumza suala la chumba baada ya Idi. Mama ameomba jambo moja: kikijengwa, kiwe upande wa kisima.